Kupanga Kujisomea kwa Karatasi ya Fasihi



Kila nikisahihisha karatasi ya Fasihi, hukutana na jibu la aina moja. Tuseme mtahiniwa ameulizwa aeleze jinsi ulevi unavyoathiri familia katika Nguu za Jadi. Ameandika kurasa mbili na nusu kwa mwandiko mzuri na Kiswahili safi. Ameanza mwanzo wa riwaya na kumfuata Mangwasha sura baada ya sura hadi mwisho. Ni wazi kwamba kitabu amekisoma, tena si mara moja. Lakini nikitafuta hoja za ulevi na familia, ninapata mbili tu. Ninampa alama zake chache, ninafungua ukurasa unaofuata, na moyo unaniuma kwa sababu najua mtoto huyu hakuwa mvivu. Alijiandaa kusimulia hadithi, na mtihani haukumwomba hadithi.

Makala haya yanakusudia kukuepusha na hali hiyo. Hayatakufundisha maudhui ya vitabu teule, maana hayo yamo katika sura nyingine za mwongozo huu. Yatakuonyesha jinsi ya kupanga muda wako wa kujisomea, ukiwa peke yako bila mwalimu, ili unachokijua kigeuke kuwa alama.

1. Ijue karatasi kabla ya kuipangia

Karatasi ya tatu, yaani 102/3, hufanywa kwa saa mbili na nusu na ina alama 80. Somo zima la Kiswahili lina alama 200: Insha 40, Lugha 80 na Fasihi 80. Fasihi pekee, basi, ni sehemu mbili kwa tano za somo lako.

Utajibu maswali manne, kila moja likiwa na alama 20. Swali la kwanza ni la lazima. Mengine matatu utayachagua kutoka sehemu zilizobaki, na huruhusiwi kujibu maswali mawili ya sehemu moja. Sehemu ni tano: riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi.

Hapo kuna mambo mawili yanayogusa ratiba yako moja kwa moja.

Kwanza, swali la lazima halina makao ya kudumu. Usikubali uvumi wa bwenini kwamba mwaka huu litatoka mahali fulani. Mwanafunzi anayesema, "Mimi ushairi nimeuacha," anacheza pata potea. Likija la lazima katika ushairi, robo ya karatasi imekwenda kabla hajashika kalamu.

Pili, muda ni mfupi. Saa mbili na nusu ni dakika 150. Ukitumia dakika 10 kusoma maswali na kuchagua, kisha dakika 33 kwa kila swali, utabaki na dakika 8 za kupitia kazi yako. Dakika 33 hazitoshi kukumbuka, kupanga na kuandika kama hujawahi kufanya hivyo mara nyingi kabla ya siku yenyewe.

2. Sanaa hujifunzwa kwa mkono

Mtazame mwenzako anayechukua somo la Sanaa na Ubunifu. Ana kijitabu cha michoro anachotembea nacho. Leo anachora kiganja, kesho chungu, keshokutwa anakirudia kiganja kwa sababu cha kwanza vidole vilifanana na ndizi. Hakuna siku utakayomkuta anajiandaa kwa mtihani wa kuchora kwa kutazama picha zilizochorwa na wengine, basi. Anajua mkono usiochora haujui kuchora, hata jicho likiwa limeona mengi.

Fasihi nayo ni sanaa, na kuijibu ni kazi ya mkono vilevile. Lakini wengi wetu tukisema "nasoma Fasihi" tunamaanisha kukifungua kitabu ukurasa wa kwanza na kukisoma tena. Mara ya tatu hadithi imeshazoeleka. Kila jina unalijua na kila tukio unalitarajia, nawe unafunga kitabu ukiwa umeridhika. Kuridhika huko kunadanganya. Kulitambua jambo unapoliona ni rahisi. Kulitoa kichwani kitabu kikiwa kimefungwa ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo kazi ya chumba cha mtihani.

Kitabu kisome chote mara mbili kwa makini: mara ya kwanza upate hadithi, mara ya pili uweke alama kwa penseli. Kuanzia hapo, nusu ya muda wako au zaidi iwe ya kuandika.

3. Jipime kwanza

Kabla ya kuchora ratiba, tenga dakika 40. Funga vitabu vyote. Chukua karatasi, igawe safu tatu, na kwa kila sehemu ya zile tano uandike mambo unayotarajiwa kuyajua: wahusika na sifa zao, maudhui, mbinu za uandishi, bahari za shairi, vipera vya fasihi simulizi. Kila jambo litie katika safu moja:

(a) Ninalijua na ninaweza kuliandikia aya nzima sasa hivi.
(b) Ninalijua, lakini nikianza kuandika ninakwama.
(c) Silijui.

Usijidanganye katika safu ya kwanza. Ukisema unaweza kueleza sifa tano za Mangwasha, ziandike hapohapo na mfano wa kila moja. Ukifika ya tatu na kukwama, mhamishe safu ya pili.

Wanafunzi wengi hukimbilia safu ya tatu, ile ya wasiyoyajua, au hubaki katika ya kwanza kwa kuwa inapendeza. Mimi nakushauri uanze na ya pili. Kilichomo humo tayari ni chako kwa nusu, na kwa vipindi vichache tu kitakuwa chako kabisa. Ukimaliza hapo, ingia ya tatu.

4. Ratiba ya wiki

Ratiba nzuri ni ile utakayoifuata. Nimeona ratiba zenye rangi nne zimebandikwa ukutani, zinaanza saa kumi alfajiri na kumalizika saa sita usiku. Wiki ya pili mwenyewe hazitazami tena. Una masomo mengine, na kama unafanya mradi wa Kilimo, Kompyuta au Sanaa, kuna majuma ambayo mradi utakudai muda mwingi. Kwa hiyo anza na kidogo: vipindi vinne vya dakika 40 kila wiki. Hiyo ni saa mbili na dakika 40 tu.

Jumatatu: Kusoma kwa swali. Usifungue kitabu bila swali mkononi. Kwa mfano: "Mangwasha anakabiliwa na changamoto zipi?" Soma sehemu zinazohusika tu na uandike nukta fupi katika daftari.

Jumatano: Kuandika bila kitabu. Jibu swali hilohilo kwa dakika 33. Saa iwe mbele yako. Muda ukiisha, weka kalamu chini hata kama sentensi haijakamilika.

Ijumaa: Kusahihisha. Fungua kitabu sasa, uhakikishe kila ulichodai, na uandike upya aya moja iliyokuwa dhaifu kuliko zote.

Jumamosi au Jumapili: Wiki hii shairi moja, wiki ijayo kipera kimoja cha fasihi simulizi.

Wiki ya kwanza ya mwezi shughulikia tamthilia, ya pili riwaya, ya tatu hadithi fupi. Wiki ya nne usisome jambo jipya. Tafuta karatasi nzima, au angalau maswali mawili, uyafanye mfululizo kwa muda wa mtihani. Mwezi unaofuata, anza upya.

Labda wewe ni mwanafunzi wa kutwa. Ukifika nyumbani kuna maji ya kuteka, kuna wadogo zako, na taa ni moja kwa watu wote. Vipindi vinne vinaweza kugeuka viwili. Haidhuru. Ukibaki na viwili, kimoja kiwe cha kuandika na kimoja cha kusahihisha, na usomaji uutie katika muda wa mapumziko shuleni.

Labda pia kitabu ni kimoja kwa wanafunzi watatu. Hapo ratiba hii itakufaa zaidi, kwa kuwa siku ya kuandika hukihitaji kitabu. Kubalianeni kwamba mmoja akisoma, wa pili anaandika na wa tatu anapanga hoja zake kichwani. Kitabu kimoja kitazunguka bila ugomvi, na hakuna atakayesema hakujiandaa kwa kukosa kitabu.

5. Daftari la fasihi

Tenga daftari moja kwa ajili ya kazi hii. Usinakili mwongozo humo. Kunakili kunachosha mkono na kuulaza ubongo. Kila ukurasa ubebe jambo moja tu, na juu yake pawe na swali, si kichwa cha habari. Badala ya "Ulevi", andika: "Ulevi unaathiri nani, na kwa njia gani?"

Chini yake chora safu tatu: hoja, mfano kutoka kitabuni, ukurasa. Ukikosa cha kutia katika safu ya mfano, ujue hoja hiyo bado ni maneno matupu.

Maudhui haya ya ulevi yana mtego ambao daftari litakusaidia kuuona. Katika Nguu za Jadi, mume wa Mangwasha, Mrima, anazama katika pombe na kumwachia mkewe mzigo wa familia. Katika Bembea ya Maisha, Yona, mume wa Sara, naye anaingia katika ulevi, huku jamii ikimsimanga kwa kukosa mtoto wa kiume. Ni walevi wawili, wake wawili wanaoteseka, na familia mbili zinazoyumba. Ukiwa na woga wa mtihani, ni rahisi sana kumpa Mrima matendo ya Yona. Nimesahihisha majibu ambamo wawili hao wamekuwa mtu mmoja, na mfano wa kitabu kingine haupati alama hata ukiandikwa kwa ufasaha.

Dawa yake ni kuwaweka kwenye ukurasa mmoja, uso kwa uso. Sababu ya kila mmoja kulewa ni ipi? Nani anaumia? Nini kinambadilisha, kama anabadilika? Ukiwatofautisha mara moja kwa maandishi, hutawachanganya tena.

6. Jisahihishe kama mtahini

Kipindi cha Ijumaa ndicho wanafunzi hukiruka, na ndicho chenye faida kubwa. Chukua jibu lako la Jumatano na kalamu ya rangi nyingine. Pigia mstari kila hoja na kuipa nambari pambizoni. Sasa hesabu. Kama swali lilikuwa la alama 10 na umepata nambari nne, umeona tatizo kabla ya mtahini kuliona.

Kisha iulize kila hoja: "Wapi?" Linganisha majibu haya mawili kuhusu sifa ya Neema katika Bembea ya Maisha:

Jibu la kwanza: Neema ni mwajibikaji kwa sababu anawajibika na anajua wajibu wake.

Jibu la pili: Neema ni mwajibikaji. Mama yake, Sara, anapougua, anajitwika jukumu la kuona kwamba anapata matibabu, ingawa ana nyumba yake na mume, Bunju.

La kwanza linazunguka pale pale kama ng'ombe wa kamba fupi. Limetaja sifa bila kuithibitisha. La pili lina sifa, tendo, mtendewa na hali inayolipa tendo lile uzito. Halikuhitaji maneno mengi zaidi. Lilihitaji kitabu kichwani.

Maswali ya dondoo nayo yana kanuni. Ukiambiwa "eleza muktadha wa dondoo hili" kwa alama nne, taja mambo manne: msemaji, msemewa, mahali, na kilichosababisha maneno hayo kusemwa. Kila jambo ni alama moja. Mtahiniwa anayejaza nusu ukurasa kuhusu msemaji tu ameandika mengi na kupata alama moja. Kila wiki chagua dondoo moja, funga kitabu, na uandike mambo hayo manne kwa sentensi nne.

Usitegemee mwongozo, hata huu, ukusahihishe. Kama hoja yako haimo katika mwongozo lakini kitabu kinaiunga mkono, ni hoja halali. Kama imo katika mwongozo lakini hujaiona kitabuni, tafuta ukurasa wake kwanza.

7. Ushairi na fasihi simulizi

Sehemu hizi hazina kitabu teule, na kwa hiyo wengi huziogopa. Lakini shairi la mtihani ni geni kwenu nyote. Hakuna atakayekuzidi kwa kulikariri. Atakayekuzidi ni yule aliyezoea kukutana na mashairi mageni.

Zoea basi. Gazeti la Taifa Leo huchapisha mashairi. Likifika shuleni, kata shairi moja ulibandike daftarini. Lisome mara tatu. Mara ya kwanza tafuta ujumbe. Mara ya pili hesabu: mishororo, vipande, mizani, vina, kisha utaje bahari zake. Mara ya tatu tafuta uhuru wa mshairi: ameufupisha wapi neno, ameurefusha wapi, wapi ameupindua mpangilio wa sentensi? Malizia kwa kuandika ubeti mmoja kwa lugha ya nathari. Zoezi hili la mwisho lina hila moja: wengi hubadilisha mpangilio wa maneno ya mshairi tu na kudhani wamemaliza. Lugha nathari ni sentensi zako kamili, zenye ujumbe wake wote.

Fasihi simulizi usiisome kama orodha ya ufafanuzi. Likizoni kaa na nyanya au babu, au mzee yeyote aliye karibu, umwombe akuimbie wimbo wa jandoni, wa harusi au wa kazi aliouimba ujanani. Andika ulivyousikia: nani huuimba, lini, kwa nini, na kwa ala gani. Siku ukiulizwa sifa za nyimbo za kazi, au ugumu anaokabiliana nao mtafiti anayekusanya data nyanjani, utakuwa umeshakuwa mtafiti. Mzee aliyekataa kurekodiwa na wimbo uliosahauliwa nusu hutavisahau.

8. Karatasi za miaka iliyopita

Wengine hutupa karatasi zote za kabla ya 2023 kwa sababu zilitahini Kigogo, Chozi la Heri na Tumbo Lisiloshiba. Msizitupe. Vitabu vimebadilika, lakini namna ya kuuliza haijabadilika. Swali lililouliza jinsi viongozi wanavyodhulumu raia katika Kigogo, ligeuze liulize jinsi Mtemi Lesulia anavyotawala Matuo katika Nguu za Jadi, na jinsi Waketwa wanavyoathirika. Swali la nafasi ya mwanamke katika riwaya ya zamani, liulize kuhusu Sara na Neema. Kugeuza swali kwenyewe ni marudio, kwa maana huwezi kulitunga vizuri bila kukijua kitabu.

Kazi hii ifanyeni katika kikundi cha watu wanne, wala si kumi. Kila mmoja alete swali moja alilolitunga na mwongozo wake wa kusahihisha. Badilishaneni, mjibu, msahihishane. Kikundi ambacho mmoja anazungumza na watatu wanaitikia kwa kichwa ni darasa lisilo na mwalimu.

9. Majuma ya mwisho

Katika muhula wa tatu usianze mwongozo mpya wala kuazima daftari la mtu mwingine. Rudi kwenye daftari lako. Kila jioni fungua ukurasa mmoja, funika safu za hoja na mifano, soma swali tu lililo juu, ujibu kwa sauti ya chini. Ulichokisahau kitie alama na ukirudie baada ya siku mbili.

Usiku wa kuamkia karatasi, lala. Hoja moja utakayoipata saa nane usiku haifidii hoja tano utakazozisahau asubuhi kwa usingizi.

Sasa rudi kwa yule mtahiniwa wa kurasa mbili na nusu. Hakukosa akili, na pengine alisoma saa nyingi kukuliko. Alichokosa ni zile Jumatano za kufunga kitabu na kuandika, na zile Ijumaa za kujiuliza "Wapi?" Wewe bado unazo.

Zoezi la leo: Kabla hujalala, funga kitabu. Andika kwa dakika kumi jinsi ulevi wa Mrima unavyomwathiri Mangwasha. Kesho hesabu hoja zako, ukitafuta mfano wa kila moja kitabuni. Hata ukipata mbili tu, ratiba yako imeanza.

Kila la heri.